Bwawa Liitwalo Sijui

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama wakiwa bado wanapigiana hodi na kuazimana chumvi, kiangazi kilikausha mito yote. Likabaki bwawa moja tu. Na ndani yake kajilaza nani? Kiboko! Nusu maji, nusu tumbo.

Huyu Bwana Kiboko alikuwa na ugonjwa mmoja: alijua kila kitu. Mvua itanyesha lini? Anajua. Mwezini wanakula nini? Anajua. Tangu azaliwe, neno "sijui" halijawahi kumtoka mdomoni.

Sasa, Mfalme Simba alikuwa na sheria yake: anayejua jina la mahali ni mwenyeji, na mwenyeji hanyimwi maji. Kiboko akaona hapo hapo ndipo pa kuwanyimia wenzake maji. Akatangaza, "Bwawa nimelibadilisha jina! Atakayelitaja atakunywa, haki ya mama! Asiyelitaja arudi kwao!"

Lakini majina yake, jamani! Siku ya kwanza aliliita Kibokoni. Wakalitaja kabla hajamaliza kupiga mwayo. Siku ya pili, Tumboni. Nalo wakalitaja.

Kiboko akakoroma, "Gruuu! Kesho naweka jina gumu, na halitabadilika tena milele!"

Bi Mwanamvua Pimbi alisikia, moyo ukamlipuka. Alikuwa na watoto watatu, na yule wa mwisho ulimi ulishaanza kumkauka. Mwenyewe mdogo, angetoshea ndani ya chungu, lakini akili! Akajipaka vumbi la safari, huyoo hadi bwawani.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Unataka nini, kipande cha panya?"

"Nimekuletea majina. Korongo wametua kwangu wakitoka kuzunguka dunia. Wanasema kuna ziwa linaitwa Titicaca."

"Nalijua."

"Na mji unaitwa Timbuktu."

"Najua. Nimekaa sana huko." Mwongo mkubwa! Hata ng'ambo ya bwawa hajawahi kufika.

"Na mlima unaitwa Popokatepeto."

"Nimeupanda," akasema Kiboko. Pimbi akalitazama lile tumbo, akajiuma ulimi asicheke.

"Kama wewe unayajua, basi na Fisi anayajua, na yeye anapenda kusikiliza ya watu. Lakini liko moja halibuniki."

"Lipi?"

"Sijui."

"Hujui? Umekuja kunichezea?"

"Hapana, bwana! Jina lenyewe ndilo Sijui."

"Mahali hapo pako wapi?"

"Sijui."

"Si ndiyo nakuuliza, pako wapi?"

"Pako huko huko Sijui!"

Kiboko akafikiri mpaka masikio yakatikisika. "Aa! Nilikuwa nalijua hilo. Nani atasema Sijui? Mimi sijapata kulisema hata siku moja!"

"Ndiyo maana hawataliweza," akasema Pimbi, akaondoka mbio. Wala hakumwambia mtu. Hakukuwa na haja.

Asubuhi wanyama walipanga foleni, midomo imekauka. Wa kwanza alikuwa Kobe.

"Panaitwaje hapa?" Kiboko akanguruma.

Kobe akainamisha kichwa. "Mwenzangu, nikudanganye ya nini? Sijui."

Kiboko akakodoa macho. Kobe akageuka aende zake.

Pimbi akapiga kelele, "Amelitaja! Uliapa kwa mama yako!"

Kobe akaingia, chubwi! Akaja Swala: "Sijui." Chubwi! Akaja Nyani: "Mimi nitajuaje? Sijui." Chubwi! Wakaja watoto watatu wa Pimbi wakisema kwa sauti moja, "Sijui!" Chubwi, chubwi, chubwi! Yule mdogo akanywa mpaka akapata kwikwi.

Ni Fisi tu aliyetaka kujionyesha. "Titicaca!" Siyo. "Timbuktu!" Siyo. "Wagadugu! Popokatepeto! Honolulu!" Siyo, siyo, siyo. Mwishowe akaanguka chini akilia, "Basi nimeshindwa, sijui!" Wakamsukuma ndani. Chubwi!

Kiboko akapandwa na hasira. "Tokeni! Hapa mwenyeji ni mimi!" Akaanza kuwarushia matope, pwaa, pwaa, mpaka moja likampata mtu usoni. Mtu mwenyewe alikuwa Mfalme Simba, ndiyo kwanza anafika.

Simba akajifuta pua polepole. "Nani mwenyeji hapa?"

"Mimi, Mfalme!"

"Vizuri. Panaitwaje?"

Kiboko akatazama kulia, akatazama kushoto. Mtoto wa Pimbi akapiga kwikwi.

"Sijui," akasema.

"Hujui?"

"Sijui, Mfalme! Nakuambia Sijui! Panaitwa Si-ju-i!"

"Tumekusikia," akasema Simba. "Hujui. Basi wewe ni mgeni, na mgeni hampangii mtu maji. Toka, ukapange foleni."

Kiboko akatoka, maji yakimchuruzika, akasimama nyuma ya Sisimizi. Nami nawaambia, wanangu: anayejifanya anajua yote ndiye rahisi kuliko wote kudanganywa.