Mdomo wa Nankondo

Paukwa!

Pakawa.

Mmejibu kinyonge, lakini si neno. Hadithi yenyewe si ya kuchekesha.

Hapo zamani za kale, huko milimani, paliondokea mhunzi mmoja, Mrutu, na mkewe Nakiete. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, Nankondo, msichana wa kupenda ngoma, aliyecheza na njuga za shaba alizofuliwa na babake. Homa ikamchukua, njuga zikabaki.

Mrutu akaona kila akilala na kuamka, sura ya mwanawe inafifia kichwani mwake. Akaogopa. Akaenda kwa nyuki kuomba nta.

Nyuki akasema, "Nitakupa. Lakini uso ukiutia kwenye nta yangu, unatoka kichwani mwako. Ukikupotea, usirudi kwangu."

"Haunipotei," akasema Mrutu. "Nitaugeuza shaba."

Akaifinyanga nta, akatoa macho, pua na mdomo. Nakiete alipouona ule uso alikaa chini, akalia sana. Naye akautazama mpaka ukamtoka kichwani vilevile.

Basi Mrutu akakusanya shaba yote ya nyumbani: sufuria, bangili, kengele ya mbuzi. Njuga akazificha darini. Zile hakuweza kuziyeyusha, moyo ulikataa. Alijua fika shaba imepungua, akajidanganya kwamba itafika.

Akaifunika nta kwa udongo. Nakiete akauliza, "Baba Nankondo, shaba inatosha?"

"Inatosha, Mama Nankondo."

Akauchoma udongo, nta ikayeyuka, ikamwagika nje, ndani ukabaki uwazi wenye sura ya mtoto. "Baba Nankondo, shaba inatosha?"

"Inatosha, Mama Nankondo."

Akavukuta moto mpaka shaba ikawa maji. Akausimamisha udongo kichwa chini, shingo juu, maana shaba humiminwa shingoni. "Baba Nankondo, shaba inatosha?"

"Nimekwambia inatosha, mwanamke, niache nifanye kazi."

Akamimina. Shaba ikajaza paji la uso, ikajaza macho, ikajaza pua. Hapo ikakatika. Mrutu akakitikisa chungu, halikutoka hata tone.

Ulipopoa wakauvunja udongo. Macho yalikuwa ya Nankondo. Pua ilikuwa ya Nankondo. Chini ya pua hapakuwa na kitu.

"Mdomo wake uko wapi?" akauliza Nakiete.

Mrutu akapanda darini, akashuka na njuga, akaziweka mbele ya mkewe. Nakiete akazitazama, akaelewa yote.

"Leo hii naziyeyusha," akasema Mrutu. "Nitaunga mdomo. Niambie tu, ulikuwaje?"

Nakiete akafumba macho, akatafuta, akatafuta, akatafuta. "Sijui," akasema. "Nilikutegemea wewe."

"Na mimi sijui."

Wakakaa na ule uso katikati yao, na moto ukafa bila mtu wa kuuvukuta. Njuga hazikuyeyushwa tena, zingeyeyushwa ziwe nini? Mrutu alizitundika mlangoni. Upepo ukizitikisa, wote wawili hunyanyuka kwenda kutazama nani amekuja, na wangali hawajui wanatazamia uso gani.

Hadithi yangu imekomea hapo ilipokomea shaba. Haya, kalaleni.