Matanga ya Mguu

Shule niliishia kidato cha pili, ila siku hiyo nilivaa tai na viatu vya kuazima nikaenda ofisi ya bima kumtetea shangazi yangu Mwanaidi. Mafuta ya maandazi yalimuunguza mguu vibaya. Kuna maabara ingeweza kumwoteshea ngozi mpya kutokana na ngozi yake mwenyewe, na kibali cha serikali ilikuwa nacho.

"Ngozi ya kuotesha ni urembo," meneja Kyaruzi akasema. "Hatulipii. Kukata mguu ndo tunalipia."

"Basi ukatwe, bosi."

"Ahaa! Dogo mwelewa wewe!"

"Asante. Ila kwetu mguu ukikatwa unazikwa."

"Si mzike!"

"Na matanga yanakaa kwa mfiwa. Aliyeamua mguu ufe ndo mfiwa."

Nikafungua dirisha. Chini, kina mama wa mtaani kwetu walikuwa wameshatandika mikeka mlangoni na kubandika sufuria la ubwabwa.

"Mama zangu, lieni!"

Wakaangua kilio. Wateja wakaanza kuulizana bima imeua nani.

Kyaruzi akarukia simu. "Maabara? Mwoteshee ngozi! Tunalipa!"

Leo shangazi anatembea vizuri. Mimi ndo nachechemea. Vile viatu vilinitoa malengelenge, na Kyaruzi anasema hayo ni urembo.