Kiti cha Mbele

Kijana mmoja alikuwa na mama, halafu akawa na gari.

Jina lake Gaudensi, fundi wa kuezeka mabati, wa Iringa mjini. Watu walimwita Gaude. Gari lenyewe lilikuwa la Kijapani, la milango miwili, la buluu, limechongoka mbele kama kiatu cha bwana harusi. Mtu mwingine alikuwa amelitumia huko kwao mpaka akalichoka. Ndivyo ilivyo; sisi huku huanzia pale wenzetu walipochokea. Usikunje uso, mkubwa wangu. Hata shati ulilovaa lina historia usiyoijua.

Siku ya kwanza Gaude alilipeleka gari kijijini kwa mama yake. Kijiji kiko juu ya barabara kuu ya kwenda Mbeya. Unaacha lami, unapanda njia ya udongo mwekundu yenye makorongo. Gari lilipanda. Nakuomba ulikumbuke hilo, maana litakuja kusahauliwa na mwenyewe: siku ile lilipanda. Mama akatoka na majirani zake. Akalizunguka, akalipapasa ubavuni kama mtu anayepapasa ng'ombe mwenye mimba, akafungua mlango, akaketi kiti cha mbele. Akatandaza khanga magotini, akatazama mbele kana kwamba safari imeshaanza. Gaude akatangaza pale pale, watu wote wakisikia, kwamba kiti hicho ni cha mama, na safari ndefu ya kwanza itakuwa ya kumpeleka kwa dada yake, Yustina, aliyeolewa upande wa Makambako. Ndugu hao wawili hawakuwa wameonana kwa miaka mingi. Nyonga ya mama haikubaliani na mabasi, na macho ya Yustina yalikuwa yamezimika. Walisalimiana kwa simu za kuazima, kila mmoja akipiga kelele kama yuko ng'ambo ya mto.

Mama aliposhuka alikifuta kiti kwa upindo wa khanga, akaufunga mlango polepole. Wanawake wakapiga vigelegele. Ahadi hupendeza sana wakati wa vigelegele. Uchovu wake huanza inapotakiwa kutembea.

Sasa, mjini palikuwa na kijana mwingine, Baltazari. Gari lake lilikuwa la aina ile ile, la umri ule ule, ila lake jekundu. Kila Jumapili baada ya ibada wenye magari ya namna hiyo walikutana pale wanapooshea, wakafungua boneti, wakayalinganisha kama mashangazi wanavyolinganisha wachumba. Huyu kiuno, huyu sauti, huyu anakula sana. Kisha wakatoka mpaka kwenye mwinuko nje ya mji, waone nani atatangulia kufika juu. Baltazari alitangulia. Hakuacha pengo kubwa, boneti tu. Lakini mdomo wa Baltazari ulikuwa mrefu kuliko boneti.

"Gaude, shemeji, ulikuwa unapanda mlima au unapeleka mahindi mashineni?" Akachungulia dirishani. "Na hivi viti vya nyuma unawapakia nani? Wajukuu?"

Watu wakacheka mpaka wakashika magoti. Gaude naye akacheka. Lakini kuna kicheko kinachokwenda nyumbani na mtu, kikakaa naye mezani, kikalala naye.

Jumatatu akaenda gereji kwa fundi Chengula. Huyu Chengula alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa mmoja: hakumuuliza mteja swali. Viti vya nyuma vikatoka, ili gari liwe jepesi. Jumapili Gaude akapanda mwinuko, akamwacha Baltazari nyuma, akakaa wiki nzima na furaha. Wiki iliyofuata Baltazari naye alikuwa amevitoa vyake. Basi Gaude akatoa tairi la akiba na jeki. Baltazari akatoa. Gaude akang'oa zulia, akang'oa redio, akaondoa hata kile kioo cha kutazamia nyuma, akasema anayekwenda mbele hana haja ya kuona aliowaacha. Watu wakampigia makofi kwa maneno hayo. Makofi ni rahisi, hasa mpigaji asipokuwa ndani ya gari. Kila alichotoa huyu, na yule alikitoa. Watu wazima wawili wakawa wanashindana kubaki bila kitu.

Kisha ikaja habari ya kushusha. Ukilikata springi gari linakaa chini, linashika barabara vizuri kwenye kona, na likisimama linapendeza. Sikatai, linapendeza. Chengula akakata. Gari la buluu likalala juu ya lami kama kuku anayeatamia. Wiki ile mama alipiga simu kuuliza habari za safari. Gaude akamwambia bado kidogo, kuna jambo dogo analimalizia. Mama akakubali. Mama hajui springi. Anachojua ni kusubiri.

Siku moja Gaude alikumbuka nyumbani, akaendesha mpaka pale njia ya udongo inapoachana na lami. Akaingia. Korongo la kwanza likalikuna gari tumboni, likalia mlio unaoingia mpaka kwenye meno. Akarudi nyuma taratibu. Akasimama barabarani, akatazama juu, akayaona mabati ya nyumba ya mama yake, mabati aliyoyapigilia kwa mkono wake mwenyewe msumari kwa msumari. Akapiga simu. Akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba baba, akaulizwa yuko wapi. Akasema yuko mbali kidogo. Na hapo, ndugu zangu, hakudanganya.

Sasa kilibaki kiti kimoja cha mbele, pembeni ya dereva. Jumapili moja Baltazari alimshinda tena, akainama tena dirishani na ulimi wake ule.

"Na hiki je? Mbona kimekaa peke yake kama mjane?"

Gaude akasema kiti hicho kina mwenyewe. Baltazari akauliza huyo mwenyewe mbona haonekani. Wakacheka. Gaude akaenda gereji akijiambia maneno ambayo mimi nayajua, nawe unayajua, kila mtu ana toleo lake: bolti nne tu. Nitakirudisha siku ya safari. Bolti nne zina kazi gani? Chengula akazifungua. Kiti kikawekwa pembeni, ukutani, karibu na ndoo za oili chafu.

Jumapili iliyofuata Gaude alifika mapema, gari jepesi kama debe tupu. Baltazari hakuja. Gaude akauliza habari zake, na jibu likawa kwamba amepata watoto mapacha, ameliuza jekundu, amenunua kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo chenye sauti ya cherehani. Watu walilicheka jambo hilo dakika chache, kisha wakatawanyika, maana jua lilikuwa kali. Gaude akaenda mwinukoni peke yake. Akapanda kwa kasi ambayo hajawahi kuipata. Mbele yake hapakuwa na mtu, na nyuma, hata angekuwepo, kioo hakikuwepo. Akafika juu wa kwanza. Akafika wa mwisho pia. Akazima injini, akakaa kidogo, akashuka mlima.

Ndipo habari ikaja. Yustina hali chakula tena. Anageuza uso ukutani, anaita jina la mdogo wake. Mama alipiga simu kwa sauti ndogo, hakuzungushia maneno. Alisema ameshaoga na ameshafunga mzigo. Gaude, naomba umtendee haki, hakusitasita. Aliteremka kutoka juu ya paa la watu, akaacha nyundo pale pale, akaingia ndani ya gari akaondoka. Alimwambia mama ateremke mpaka lami, maana njia yao ni mbovu. Njia haikuwa imebadilika, lakini alivyoiita ndivyo hivyo: mbovu.

Mama akateremka kwa fimbo, nyonga yake ikimng'ata kila hatua, na kikapu cha njugu mawe mkononi, kwa sababu Yustina alipenda njugu mawe tangu utoto. Alivaa khanga ile ya siku ya vigelegele. Gaude alikuwa ameshafika, anamsubiri, injini inanguruma. Akazunguka mbio, kijana mwenye adabu, akamfungulia mlango.

Alikuwa ameuzoea utupu wa gari lake mpaka hauoni tena. Aliuona pale, kwa sababu mama alikuwa anauangalia. Pale mahali pake palikuwa na bati tupu na matundu manne.

Mama hakukemea. Wala hakumtazama mtoto usoni. Aliuliza swali la mtu anayetaka kuketi, basi.

"Mwanangu, mimi nikae wapi?"

Gaude akavua koti, akalikunja, akalitandika juu ya bati. Mama akajaribu. Akaingiza mguu mmoja, akashika mlango, nyonga ikakataa katikati. Akabaki ameinama hivyo, nusu ndani nusu nje, na malori yakipita yanampulizia vumbi. Akajitoa. Akajaribu tena, maana dada yake alikuwa anamwita. Akajitoa tena, akasimama, anahema.

Kirikuu kimoja kilikuwa kinakuja kutoka Iringa, kinakwenda Makambako kufuata viazi. Kikapunguza mwendo, kikasimama. Aliyeshuka alikuwa Baltazari. Akalitazama gari la buluu, akautazama mlango uliokuwa wazi, akaliona koti juu ya bati. Huyu alikuwa bingwa wa mizaha, mji mzima unamjua, na mzaha wenyewe ulikuwa umelala pale barabarani unasubiri kuokotwa. Hakuuokota. Alitoa shikamoo, akapokea kikapu, akamshika mama mkono, akampandisha kwenye kiti chake cha mbele. Kilikuwa kimechanika, kimefungwa kwa mpira wa tyubu. Mama akatandaza khanga magotini, akatazama mbele.

Kirikuu kikaondoka kwa sauti yake ya cherehani, na Gaude akafuata nyuma. Waliokuwa kandokando ya barabara siku ile waliona ajabu: gari linalokwenda kama risasi limejipanga nyuma ya kirikuu, linajikongoja, kama mtu anayesindikiza msiba wa watu asiowajua. Nafasi za kupita zilikuwepo nyingi. Maisha yake yote ya karibuni yalikuwa kupita. Sasa alichokitaka kilikuwa mbele yake, na hakuweza kukipita wala kukifikia.

Makambako kirikuu kiliacha lami kikaingia njia ya udongo kuelekea kwa Yustina. Gaude akafika pale pale pembeni, akasimama. Gari lisingeweza. Angeweza kwenda kwa miguu, hapakuwa mbali. Alishuka, akapiga hatua kadhaa, akageuka akalitazama. Magurudumu yale yanapendwa na watu. Akarudi akaliegemea, akalilinda mpaka jioni.

Yustina alimshika mdogo wake mkono, akaupapasa kidole baada ya kidole, akasema kwa kweli ndiye. Alikula njugu mawe chache zilizotwangwa. Alipouliza nani kamleta, mama alijibu kwamba ameletwa na watoto. Hakusema ni yupi. Kabla ya wiki kuisha, Yustina alifariki.

Baada ya mazishi Gaude alirudi kwa fundi Chengula kuchukua kiti chake. Aliona aibu, lakini alikwenda, na bolti nne alikuwa nazo mfukoni. Kiti hakikuwa tena ukutani. Chengula alikuwa amekata vyuma vyake vya chini, akakichomelea miguu minne mirefu, akakiweka chini ya turubai kwa ajili ya wateja. Mtu fulani alikuwa amekikalia, kikombe cha kahawa mkononi, mguu juu ya mguu. Gaude akasimama mbele yake. Yule mtu akamwangalia juu mpaka chini, akamwambia asubiri zamu yake, kaka, wote wamechoka.

Gaude akasubiri. Yule alipoinuka, mwingine akaketi.

Sasa mnatikisa vichwa, mnasema vijana wa siku hizi na magari yao. Haya. Ninyi hamna gari la milango miwili, wengine hamna hata baiskeli, na springi mlizokata hazikuwa za chuma. Mimi shule sikuimaliza, kwa hiyo swali langu ni dogo tu, na mkifika nyumbani mtalijibu wenyewe: kile kiti ulichomwahidi mtu mbele ya watu, leo amekikalia nani?