Sahihi Tatu za Corinne

Mtu mwenye pupa hujiona ana mikono ya kutosha kukamata kila kitu. Hung'ang'ania hiki na kile, na kinachomtoka mara nyingi ni kile alichokipenda kwa dhati. Hayo ndiyo yaliyomfika Corinne Ouellette, binti wa wakulima wa viazi kaskazini mwa jimbo la Maine, Marekani.

Kila Jumapili Corinne alipiga kinanda kikuukuu cha kanisa lao. Mwezi wa Oktoba, shule zilipofungwa vijana wakavune viazi, mama yake, Lorraine, alimpeleka kutazama chuo kikuu kimoja cha kusini. Humo alikuta kinanda chenye mabomba ya sauti elfu sita, mengine marefu kuliko misonobari ya kwao. Profesa akamruhusu akiguse. Alipobonyeza, sakafu ilitetemeka, mwili ukamsisimka, machozi yakamtoka bila kujua.

"Mama, nikikosa hapa nitakufa!"

"Hufi wewe. Utarudi kuchimba viazi," Lorraine alimtania, ingawa naye alikuwa ameduwaa.

Mshauri wa shule, Mwalimu Pelkey, alimwonyesha njia. "Maombi ya kawaida wanachukua sita katika kila mia. Ukiomba mapema, karibu ishirini. Ila hapo unaahidi, binti. Wakikukubali, unakwenda kwao, na maombi mengine yote unayafuta."

Ahadi hiyo wakaitia sahihi watatu: mwanafunzi, mzazi na mshauri.

Desemba akakubaliwa. Lorraine alipiga kelele mpaka majirani wakaja mbio.

"Yale mengine umeyafuta?" Mwalimu Pelkey aliuliza.

"Nimeyafuta, mwalimu."

Alikuwa amebakiza moja, la chuo ambacho watu wa kwao walikitaja kwa sauti ya chini kama wamo kanisani. Hakutaka kwenda huko. Alitaka tu kujua kama wangemchukua.

Machi wakamchukua. Corinne aliisoma barua mara kumi, asiamini macho yake, na kichwa kikamvimba. Akajiambia atawajibu wiki ijayo. Wiki tatu zikapita, naye bado amekumbatia vyote viwili.

Mwalimu Pelkey akamwita ofisini. "Vyuo viwili vinaniomba alama zako za mwisho. Wewe utasoma huku na kule kwa wakati mmoja?"

"Nilitaka kujua tu, mwalimu. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Lakini jina langu liko chini ya lako. Mwakani nitalitia kwa ajili ya mtoto mwingine. Nani ataliamini?"

Akaviandikia vyuo vyote viwili ukweli mtupu, Corinne akiwa amekaa mbele yake. Corinne alimtazama kwa hofu na heshima. Hakuwahi kuona mtu akithamini neno lake kiasi hicho.

Chuo chenye kinanda kilimfutia nafasi kwa mistari minne. Kile kingine kilisema kitampokea, kwa kuwa kwao hakuwa ameahidi lolote. Majirani wakampongeza kwa vifijo. "Una bahati, binti!"

Corinne aliwashukuru, kisha akamfuata mama yake jikoni.

"Mama, nimepata chuo ambacho dunia nzima inakililia. Mbona naona kama nimefiwa?"

Lorraine alimkumbatia. Corinne alilia kwa kwikwi, na huko nje bado walikuwa wakimshangilia. Hakika, mshika mbili moja humponyoka.