Kaniki Machoni pa Mzee Ndahani

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu waliolima kutwa. Haya, hata mimi nimelima. Nitaisimulia polepole.

Hapo zamani za kale, katika nchi kavu ya mtama, aliishi kipofu mmoja, Mzee Ndahani. Kijiji kilimpa kazi moja. Kila alfajiri alipiga ngoma kabla kwelea, ndege wala mtama, hawajaruka kutoka mitini, na vijana wakapanda ulingoni na makombeo yao kuwaamia. Mtauliza, jogoo je? Vicheche walishawamaliza.

Mzee hakukosea. Alipiga ngoma, akatoka, akakaa mlangoni uso juu, macho wazi, mpaka jua likapanda.

Mke wa mwanawe, Matika, alimwona pale na nzi machoni. Nzi asubuhi, nzi adhuhuri, nzi jioni. Siku moja akachukua kaniki yake nyeusi, akaikunja mara tatu.

"Baba, ngoja nikufunge. Macho yenyewe hayaoni, yana kazi gani?"

"Hayana kazi, mwanangu. Funga."

Akafunga. Kaniki ikakaa usiku na mchana.

Siku ya tatu ngoma ililia kwelea wakiwa wameshatua shambani. Siku ya sita ililia jua likichoma. Siku ya kumi na mbili ililia watu wakisonga ugali wa mchana.

"Mzee, unatuamsha twende wapi?" wakamcheka.

Kicheko hakikudumu. Walianza kukesha kwa zamu wakivizia alfajiri. Wakalala wamekaa, wakalala wamesimama, wakalala wakitafuna.

"Mnasinzia? Sinzieni," kwelea waliwaambia. "Sisi tunakula."

Jumbe akaitisha kikao. "Nawapa siku saba. Ndege wakiendelea hivi, tunahama. Mwendo ni wa siku tisa, na njiani hakuna maji. Asiyeweza kutembea..."

Hakumaliza. Mzee Ndahani akammalizia: "Atabaki."

Kesho yake mzee aliamka ndani ya nyumba yake ya tembe, penye ubaridi kutwa, mwili ukimwambia ni alfajiri. Akapiga ngoma. Udongo ukatikisika miguuni pake, akatokea Fuko.

"Wewe mzee! Unanitwangia dari! Huu ni mchana, watu wazima tumelala!"

"Wewe pia ni kipofu. Umejuaje ni mchana?"

"Nina macho. Yako chini ya ngozi."

"Yanaona?"

"Hayajaona hata kiazi."

"Sasa yana kazi gani?"

Fuko akapiga mwayo. "Jichoni wanakaa wawili, mzee. Mmoja ni mtazamaji. Wa pili ni mpokezi. Huyu hatazami kitu. Anapokea mwanga tu, kisha anauambia mwili kumekucha. Mtazamaji wangu hayupo. Mpokezi yupo, na kila siku namtoa mlangoni kidogo. Wa kwako unamtoa?"

Mzee akagusa kaniki. 

"Basi mmemfungia ndani," alisema Fuko, akarudi kulala.

Ninyi mnaokwenda shule mtaambiwa kwamba mpokezi huyo ni protini inayohisi mwanga. Fuko hakwenda shule.

"Matika!" mzee akaita. "Njoo ufungue hii kaniki."

"Umeanza kuona, baba?"

"Sioni. Fungua."

Kila alfajiri Matika akamtoa mlangoni. Siku ya kwanza mzee hakuona kitu. Siku ya pili hakuona kitu. Siku ya tatu hakuona kitu, lakini ngoma ilianza kurudi nyuma. Ililia saa tano asubuhi, kisha saa nne, kisha saa mbili.

Siku ya mwisho ya zile saba za Jumbe, mizigo ilikuwa imeshafungwa. Ngoma ikalia gizani. Hakuna aliyeamka, ngoma hiyo ilikuwa imewadanganya mno. Matika alitoka peke yake. Akaona mstari mweupe mashariki. Kwelea walikuwa bado kimya mitini.

Akakimbia mlango hadi mlango. "Amkeni! Leo imelia kwa wakati!"

"Tuache, mama. Tumechoka."

"Kwani mimi sikuchoka? Amkeni hivyo hivyo na uchovu wenu!"

Wakapanda ulingoni wakipiga miayo. Kwelea walipofika, walikuta mawe ya makombeo yakiwasubiri.

Jioni Jumbe alizunguka shamba akikagua masuke. Yaliyobaki yalikuwa machache, ya kula mara moja kwa siku. Akarudi nyumbani, akafungua mzigo wake kabla ya wengine.

Matika hakumfunga mzee tena. Nzi nao walirudi palepale. Basi kila asubuhi alikata tawi, akakaa kando ya baba mkwe wake, akawapunga nzi mpaka jua likapanda. Mkono ulipouma, alihamishia tawi mkono wa pili.

Hadithi yangu inaketi hapo. Sina nguvu ya kuisimamisha tena.