Mti wa Kujikunia

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kivivu. Watoto wa mbele wamejitahidi, lakini nyie wazee huko nyuma mnajifanya mnakohoa. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tupo wote. Hapo zamani za kale, wanyama walipogawana nchi, hawakupima kwa hatua wala kwa kamba. Walipima kwa pembe. Mwenye pembe kubwa, Mlimani. Mwenye pembe ndogo, Bondeni. Mlimani kulikuwa na upepo na nyasi fupi laini. Bondeni kulikuwa na joto na nyasi za kufika masikioni. Kisima kilikuwa ng'ambo, na njia ya kutoka Mlimani kwenda kisimani ilipita katikati ya Bondeni.

Basi kulikuwa na mama mmoja, Bi Digidigi. Wake wa digidigi hawaoti pembe hata moja, kwa hiyo yeye akapewa Bondeni chini kabisa, chini ya mti mmoja kando ya njia. Alikuwa mdogo, miguu myembamba, pua ndefu inayotikisika akiwaza jambo. Na alikuwa msafi. Nasema msafi, na narudia. Digidigi wana choo chao kimoja, na familia nzima huenda hapohapo, hata pawe mbali vipi. Mimi nina wajukuu wamekaa hapa mbele ambao hawajafikia hatua hiyo.

Mwaka uliopita Bi Digidigi alizika mtoto. Mwaka huu alikuwa na mmoja tu, jina lake Kipunje. Asubuhi moja Kipunje akaamka anachemka mwili mzima. Tezi zimevimba shingoni. Ziwa analiangalia tu, hanyonyi. Mama akampekua manyoya. Kupe. Akatoa kupe kumi, akageuka kutema mate, aliporudi, kumi wengine. Akajua. Hii ni ndigana, homa ya kupe, ileile iliyomchukua yule wa kwanza.

Hajakaa sawa, huyo Ngiri anakuja. Ngiri alikuwa mlinzi wa kisima, na siku hiyo alikuwa na matope mpaka kwenye nyusi.

"Bi Digidigi," akasema, "baraza la wakubwa wa Mlimani limekaa. Kupe wamezidi huku Bondeni, na baraza limeona sababu yake ni uchafu wenu. Mmepewa siku tatu. Siku ya nne kama bado mna kupe, kisima kitafungwa kwenu. Mtakisikia tu."

"Na mtoto mwenye homa atakunywa nini?"

"Mimi nimetumwa kusema, sikutumwa kujibu," akasema Ngiri, akaenda zake, mkia juu.

Sasa, daktari alikuwepo. Yangeyange. Mnamjua yangeyange, yule ndege mweupe pe anayefuata ng'ombe. Daktari Yangeyange aliishi Mlimani na wakubwa. Kazi yake kula kupe migongoni mwao na kuwapa ushauri. Kila asubuhi alipanda mgongoni mwa Mzee Nyati, wakashuka pamoja kwenda kisimani. Walipofika ukingo wa Bondeni, Daktari aliruka, pwaa, akapita juu kwa juu, akaenda kumsubiri Nyati kisimani. Nyasi ndefu, umande, koti jeupe. Mnaelewa wenyewe. Na Nyati alipofika kisimani, Daktari alimkagua mgongo. Safi. Hakuna kupe. Daktari alijinyoosha shingo kwa furaha.

"Wagonjwa wangu hawaugui," alikuwa akisema. "Kwa nini? Kwa sababu wanafuata ushauri."

Siku ya kwanza Bi Digidigi akapanda Mlimani. Alipanda, akapumzika, akapanda. Daktari akamsikiliza akiwa amesimama kwa mguu mmoja.

"Oga," akasema. "Kila siku, kisimani. Anayefuata."

Bi Digidigi akashuka mbio mpaka kisimani. Ngiri akamziba njia.

"Wenye kupe hawaogi hapa."

"Ninataka kuoga ili kupe waniondoke."

"Wakishakuondoka, njoo uoge."

Hilo msilipite haraka, lifikirieni polepole. Bi Digidigi alitaka kulijibu, Ngiri akainamisha meno, akamkimbiza. Tifu, tifu, tifu. Akarudi nyumbani na mkwaruzo mgongoni.

Siku ya pili akapanda tena Mlimani.

"Kuoga kumeshindikana, Daktari."

"Basi hama. Lala kwenye nyasi fupi, hazina kupe. Anayefuata."

Akashuka, akamchukua Kipunje, akamsukuma kwa pua hatua kwa hatua mpaka Mlimani. Wakalala kwenye nyasi fupi. Mtoto akapata upepo, akafumba macho. Hawajamaliza hata kupumua vizuri, wake wa Nyati hao.

"Hapa ni pa wenye pembe, bibi. Zako ziko wapi?"

Tifu, tifu, tifu. Wakateremka wakibingirika. Usiku ule Kipunje hakunyonya kabisa.

Siku ya tatu Bi Digidigi akapanda kwa mara ya mwisho. Alikuwa anachechemea.

"Nimekwenda kuoga, nimepata jeraha. Nimehama, nimepata jingine. Sasa niambie la tatu."

Daktari akabadilisha mguu. Akafikiri.

"Naona tatizo lako," akasema. "Punguza mawazo. Mawazo huleta homa."

Pua ya Bi Digidigi ikatikisika, ikatikisika. Alikuwa na hasira, na alikuwa na haki ya kuwa nayo. Lakini sauti yake ilitoka taratibu.

"Daktari, nilikuwa na watoto wawili. Mmoja nimezika. Aliyebaki hanyonyi, na kesho kisima kinafungwa. Sasa hapo nipunguze lipi?"

Daktari akashusha mguu wa pili, akasimama kwa yote miwili.

"Kesho alfajiri uje kwangu," akasema Bi Digidigi. "Usinipitie juu. Uingie, ukae, uone ninapoishi."

"Nyasi zina umande."

"Koti litakauka."

Basi siku ya nne, alfajiri, Daktari akaja kwa miguu. Akainua huu, akaweka. Akainua ule, akaweka. Matope, chwaka, chwaka. Alipofika alikuwa mweupe shingoni tu. Bi Digidigi akamwonyesha kichaka cha kujificha karibu na mti, na Kipunje amelala pale chini, masikio yamelegea.

Mara ardhi ikaanza kutetemeka. Didi, didi, didi. Wakubwa wanateremka. Mzee Nyati mbele, ukoo wake nyuma, ishirini na mmoja. Mzee Nyati alipofika kwenye mti wa Bi Digidigi akasimama. Akageuka, akaegemeza mgongo kwenye shina.

Kwaru, kwaru, kwaru.

Kupe wakamwagika. Pu, pu, pu, pu.

"Ahaa," akasema Mzee Nyati. Akajinyoosha, akaenda. Akaja wa pili. Kwaru, kwaru. Pu, pu, pu. Wa tatu. Wa nne. Wote ishirini na mmoja, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Shina la mti lilikuwa limelainika kwa migongo ya miaka na miaka. Wakubwa wakaondoka wepesi, wasafi, kuelekea kisimani. Mzigo wao ukabaki kwenye nyasi, na nyasi zile zilikuwa kitanda cha Kipunje.

Kupe mmoja akapanda mguu wa Daktari. Akafuata wa pili.

"Kila siku hivi?" akauliza Daktari.

"Kila siku. Nilidhani unajua."

"Mimi nilidhani ni ushauri wangu," akasema Daktari, sauti imemshuka.

Aibu ilimshika. Na ili nisimwonee, nitasema alichofanya: aliinama palepale kwenye matope, akaanza kumtoa Kipunje kupe. Mmoja, mwingine, mwingine. Shingoni, masikioni, chini ya mkia. Hakuondoka mpaka jua lilipopanda, naye alikuwa amechafuka mpaka shingoni. Kisha wakamwinua mtoto, mama akamsukuma kwa pua, wakaenda wote watatu kisimani.

Baraza lilikuwa limeketi. Wadogo wote wa Bondeni walikuwa wamesimama pembeni wakisubiri hukumu yao, na Ngiri alikuwa ameshakusanya miiba ya kufungia njia.

"Wenye kupe hawapiti," akasema Ngiri.

"Mimi ni Daktari."

"Daktari ni mweupe."

"Nimetoka Bondeni," akasema Yangeyange, na akapita.

Akasimama mbele ya Mzee Nyati, akasema bila kuzunguka. "Mzee, mgongo wako sikuusafisha mimi. Nimekuwa nikijisifu bure. Unausafisha kwa kujikuna nyumbani kwa mama huyu, wewe na ukoo wako, kila asubuhi. Kupe wa Bondeni ni kupe wenu. Mmewamwagia hawa, halafu mmewaita wachafu."

Mzee Nyati akapumua, vuuu, vumbi likaruka. Hakuwa mbaya sana, jamani. Alikuwa hajawahi kugeuka nyuma kuangalia.

"Tumejikuna pale tangu enzi za babu zetu," akasema. "Haya, sasa tujikune wapi?"

Wakubwa wakatazamana. Bi Digidigi akasogea mbele. Kichwa chake kilifika kwenye goti la Nyati.

"Kwenu," akasema.

"Kwetu? Mlimani kuna watoto."

"Na hawa wa Bondeni ni watoto wa nani?"

Mzee Nyati akamtazama. Kisha akamtazama Kipunje, aliyesimama miguu inatetemeka, ulimi nje, maji hatua tatu mbele yake. Akarudi nyuma hatua moja, nyingine, na nyingine, mpaka kisima kikawa wazi. Ngiri akaiweka miiba chini. Kipunje akanywa. Akanywa, akapumzika, akanywa tena, na jioni ile alinyonya.

Wakubwa wakajitafutia mti wa kujikunia kulekule Mlimani. Haukupita mwezi, homa ikaingia huko. Siku hiyohiyo wakakubaliana kwamba yangeyange mmoja hatoshi, wakaitwa thelathini. Bi Digidigi akapanda barazani akasema nusu yao washuke Bondeni, na safari hii hakuna aliyemuuliza pembe zake ziko wapi. Na wale nyati waliougua, walipewa maji, walipewa kivuli, walitolewa kupe. Hata mmoja hakuambiwa kwamba ni mchafu.

Funzo langu nalisema wazi. Ukiona watu wa mahali fulani wanaugua kila mwaka, usianze kuwauliza kama wameoga. Uliza nani aliwaweka pale, na nani anajikunia mlangoni kwao.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyekuwa anasinzia amuulize jirani yake.