Vipande Vitatu vya Sheria ya Kisima

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na kiu, na kisima kimoja tu!

Hapo zamani za kale, wanyama wa bonde moja walikuwa na sheria ya kisima. Haikuandikwa. Iligawanywa vipande vitatu, kila ukoo ukatunza chake kichwani: Fisi kimoja, Kanga kimoja, Chura kimoja.

Hakimu wao alikuwa Kakakuona. Mwoga huyo, jamani! Akishtuka kidogo, keshajikunja.

Asubuhi moja Fisi akaja mbio, akimswaga Digidigi na mwanawe wa siku tatu.

“Hakimu! Huyu kaingia kisimani! Kipande changu chasema: Atakayetia mguu afukuzwe bondeni. Basi afukuzwe!”

Nje ya bonde kulijaa simba, na mtoto hata kusimama hajajua vizuri. Kakakuona akaogopa, akajikunja.

“Toa hukumu!” akafoka Fisi.

Kakakuona akakunjuka, akamwona mtoto anavyotetemeka, akajikunja tena.

“Toa hukumu! Sheria ni sheria!”

Akajikunja mara ya tatu. Mle ndani akawaza: Nikikosea, nani atamrudisha mtoto huyu? Na mbona nimesikia kipande kimoja tu?

Akakunjuka.

“Kanga, dada yangu, chako chasemaje?”

“Maji yabaki safi.”

“Na chako, Bibi Chura?”

“Ili kila mwenye kiu anywe, asidhurike.”

Kakakuona akaviunga vyote vitatu, akavisema polepole. Kisha akamgeukia Digidigi.

“Mama, ulitia mguu kufanya nini?”

“Kutoa nyama iliyooza, baba. Nisipokunywa, maziwa yanakauka. Nyama yenyewe ile pale ukingoni.”

Wakaenda, wakaona paja la nyumbu, linanuka, limejaa funza.

“Nani alilitia?”

“Fisi,” akasema Bibi Chura. “Huficha nyama yake mle. Aliingia mpaka kiunoni.”

“Mbona hukusema, bibi?”

“Nani aliniuliza?”

Kumbe Fisi! Mkuki kwa nguruwe!

Safari hii Kakakuona hakujikunja.

“Fisi, tutajie kipande chako.”

Fisi akakitaja, kwa sauti ndogo, kisha akashika njia ya kwa simba.

Basi wanangu, sheria isikilizeni yote, na mjue inamlinda nani, kabla hamjamhukumu mtu. Anayeshika kipande kimoja, kitamgeukia.

Ngano yangu imekunywa, imetosheka. Mwenye kiu na achote yake.